Silinda ya Nne



Mafundi wetu husema kwamba injini "inamisi". Neno hilo limekopwa, lakini limekwisha kuzoea hali ya hewa ya kwetu, wala hakuna gereji kati ya Arusha na Mbeya ambako halieleweki. Injini inamisi pale ambapo silinda mojawapo inapofikiwa na zamu yake ya kuwaka, nayo haiwaki. Katika injini ya petroli yenye silinda nne, kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki. Kwa hiyo injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inapaswa kuwaka mara 25 kwa sekunde moja, na zote nne kwa pamoja mara 100. Hakuna sikio liwezalo kuhesabu milipuko hiyo. Hata hivyo, mmoja tu kati ya minne ukikosekana, mwili wa dereva hujua kabla ya akili yake: kiti hutetemeka, gari husita kama mtu aliyekwama neno kooni, na petroli ambayo haikuungua hutoka nyuma na harufu yake.

Tunaanza na maelezo hayo kwa sababu mwezi uliopita tuliitwa kusuluhisha ugomvi ambao chanzo chake kilikuwa kusita kwa namna hiyo, na wote waliogombana walikuwa na hakika kubwa kuliko ushahidi.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 1994. Vijana wanaosoma kurasa hizi hawahitaji kuelezwa, lakini kwa ajili ya wengine tuseme kidogo. Gari hili lilitoka kwa mara ya kwanza huko Japani mwaka 1992, likiwa na injini ya lita mbili yenye tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Nguvu yake ilitajwa kuwa farasi 240, katika gari lenye uzito wa takriban kilo 1,200 tu. Kwetu Afrika Mashariki jina lake lilijengwa na mashindano ya Safari Rally. Colin McRae alishinda Safari ya mwaka 1997 akiwa katika Impreza, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Baada ya 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia, ikarejea mwaka 2021; lakini Impreza za zamani hazikungoja kurejea kwake. Ziliendelea kuingia bandarini zikiwa mitumba, na mpaka leo mtoto wa shule ya msingi huitambua sauti yake kabla gari halijatokea kwenye kona.

Marehemu, mwenye gari hili, alilinunua mwaka 2006. Hakuwa tajiri. Alikuwa mtu wa duka la vifaa vya ujenzi, mkimya, na gari hilo ndilo lililokuwa anasa yake pekee. Jumamosi aliliosha mwenyewe, hakumwachia mtoto wala kijana wa kazi. Alifariki mwaka jana. Mjane wake aliamua kuliuza ili alipe ada ya chuo ya binti yao mkubwa, na mnunuzi akapatikana upesi. Siku ya majaribio, walipoanza kupanda mlima wakielekea Ngaramtoni, gari likaanza kusita. Kwenye tambarare lilikuwa zima. Likisimama na kunguruma polepole, lilikuwa zima. Dereva akikanyaga mafuta mlimani, lilikata nguvu na kutikisika. Mnunuzi aliyekuwa ameahidi shilingi milioni kumi na mbili akashuka garini akasema anaweza kutoa milioni nne, kwa sababu "injini imekufa".

Gereji moja kubwa ya mjini ilithibitisha maneno hayo bila kufungua chochote. Waliwasha, wakasikiliza, wakatamka kwamba pistoni zimevunjika, kama zinavyovunjika za Subaru nyingi, na kwamba dawa ni injini ya mtumba kwa milioni tano na nusu. Hapo ndipo mdogo wa marehemu alipokumbuka kwamba wiki sita kabla ya siku ile, fundi kijana wa mtaani alibadilisha plagi za gari hilo. Akahitimisha kwamba kijana yule alichomoa koili nzima akaweka mbovu, kisha akaiuza ile nzima. Maneno yalienea mtaani kwa siku mbili. Wateja watatu wakaondoa magari yao kwenye gereji ya kijana huyo, ambayo kwa kweli ni mwembe na kipande cha turubai. Polisi wakatajwa.

Tulikubali kuwasikiliza kwa sharti moja, kwamba kabla ya watu kuhojiwa, gari lihojiwe kwanza. Tukamwomba mzee mmoja, fundi mstaafu ambaye miaka ya tisini alikuwa katika magari ya huduma ya timu za mashindano, aje na vyombo vyake. Alikuja na begi la turubai, tochi, na kiti kidogo cha kukunja. Kijana alimwamkia, "Shikamoo mzee." Akajibiwa "Marahaba, kijana wangu," na mara moja akapewa tochi aishike. Mdogo wa marehemu hakulipenda jambo hilo, lakini alinyamaza.

Mzee hakuwasha injini. Kwanza alimwuliza mama mwenye gari lini hasa kusita kulianza, na kama kuliongezeka mvua ikinyesha. Alitaka kujua kama taa ya injini kwenye dashibodi iliwahi kuwaka, na kama gari linapunguza maji au oili. Yule mama alishangaa kuulizwa, kwani tangu ugomvi uanze hakuna aliyemtaka maelezo. Akakumbuka kwamba hata mumewe alipokuwa hai, siku moja ya masika, gari lilisita kidogo kwenye mlima uleule, kisha likatulia. Jambo hilo peke yake lilitosha kutikisa shtaka lote, maana masika hayo yalikuwa miezi mingi kabla ya plagi kubadilishwa. Mzee hakulitilia mkazo. Aliliandika tu.

Hapa tuseme jambo kuhusu sauti ya gari hili, kwa maana imepotosha wengi. Injini ya Subaru hailingani na nyingi tulizozizoea. Silinda zake zimelala ubavuni, mbili kulia na mbili kushoto, pistoni zikirushiana ngumi kama mabondia. Mabomba yanayokusanya moshi kutoka pande hizo mbili hayana urefu sawa, kwa hiyo moshi wa silinda moja hufika mapema na wa nyingine huchelewa. Ndiyo maana gari hili hunguruma kwa mdundo wa kuchechemea, na wapenzi wake hulipia fedha ili mdundo huo uongezeke. Basi, mtu anayesikiliza Subaru kwa sikio la Toyota atasema inamisi hata ikiwa nzima; na mtu aliyezoea Subaru atakosa kutambua siku inapomisi kweli. Gereji ile kubwa ilitoa hukumu kwa sikio. Hatusemi walikuwa na nia mbaya. Tunasema milioni tano na nusu ni fedha nyingi mno kuamuliwa na sikio.

Kijana mmoja kati ya waliokusanyika alileta kifaa kidogo cha kupachika garini ili simu isome ugonjwa. Hakikupata pa kuingia. Gari la 1994 ni la kabla ya utaratibu huo. Kompyuta yake husomwa kwa namna nyingine. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, kuna vishikizo viwili vyeusi vya waya ambavyo huning'inia bila kuunganishwa. Mzee aliviunganisha, akawasha swichi, na taa ya injini ikaanza kukonyeza: mkonyezo mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Hesabu ya mikonyezo ndiyo namba ya ugonjwa. Ingekonyeza mbili ndefu na tatu fupi, yaani 23, tungetazama kipimo cha hewa. Lakini kompyuta haikuwa na ugonjwa wowote katika kumbukumbu yake. Watu wakafurahi, wakadhani habari ni njema. Mzee akawaeleza kwamba kompyuta ya umri huo haihesabu milipuko iliyokosekana. Inajua tu kama sensa zake zinazungumza. Kutokuonyesha kitu hakukuwa ushahidi wa uzima.

Silinda huhitaji vitu vitatu ili iwake: mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, mgandamizo, na cheche kwa wakati wake. Mzee alianza na mgandamizo, si kwa sababu ndio rahisi zaidi, bali kwa sababu ndio uliokuwa umetajiwa bei. Katika injini hii plagi zinatazamana na mbavu za gari, hivyo ilibidi kutoa sanduku la kichujio cha hewa upande mmoja na betri upande wa pili, kisha kurefusha waya ili kuizungusha injini kwa starta. Ilichukua muda wa saa nzima. Kipimo kilionyesha 150, 145, 150 na 148. Pistoni iliyovunjika haiwezi kutoa hesabu kama hizo. Silinda yake ingeshuka mbali na wenzake. Mama yule alitazama namba zile nne zilizoandikwa kwa chaki sakafuni, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo injini haijafa?" Mzee akamjibu, "Binti yangu, injini hii inaweza kutuzika sisi."

Petroli haikutuchukua muda. Shinikizo lake lilikuwa sawa, na chujio lilikuwa jipya. Kila waya wa nozeli ulipochomolewa kwa zamu injini ikiwa inanguruma polepole, mwendo ulishuka kwa kiasi kilekile, dalili kwamba silinda zote nne zilikuwa kazini, angalau katika hali ya utulivu.

Basi ikabaki cheche, na hapa ndipo mambo yalipokuwa mazito. Umeme wa betri ni volti 12. Koili huugeuza kuwa maelfu mengi ya volti ili uweze kuruka pengo dogo kwenye ncha ya plagi. Hewa iliyobanwa sana ni ngumu kurukwa kuliko hewa nyepesi. Na tabo inapopuliza mlimani, hewa ndani ya silinda hubanwa zaidi ya kawaida. Kwa hiyo cheche inayotosha tambarare inaweza isitoshe mlimani. Na umeme ukishindwa kuruka pengo lake, hautulii. Hutafuta njia nyingine. Hilo lilieleza kwa nini gari lilikuwa zima katika kila jaribio isipokuwa lile moja lililohitaji nguvu.

Tulipanda tena mlima wa Ngaramtoni, gari likasita, mzee akazima injini palepale kabla haijatulia, tukavutwa kurudi nyumbani. Plagi tatu zilikuwa na rangi ya udongo mkavu. Ya silinda ya nne ilikuwa nyeusi na imelowa petroli. Mzee akahamisha koili ya silinda ya nne akaiweka ya pili, na ya pili akaiweka ya nne. Tukapanda tena. Safari hii plagi iliyolowa ilikuwa ya silinda ya pili. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na koili.

Mdogo wa marehemu akasimama. "Si mmeona? Koili ni mbovu. Nilisema." Na kwa kweli, wasomaji wapendwa, kama tungekuwa na haraka siku ile, kijana yule angekuwa amehukumiwa kwa ushahidi ulioonekana safi kabisa. Alikuwa ameshika tochi, mkono ukimtetemeka.

Mzee aliomba maji ya kunywa. Alipomaliza, aliichukua koili ile akaivua mpira wa shingo yake, ule unaoshuka kwenye tundu na kuikumbatia plagi. Mpira ulikuwa umevimba na kulainika kama andazi lililolowa chai, na kwa ndani ulikuwa na ufa. Akavua mpira wa koili nyingine, akabadilishana mipira tu, koili zikabaki zilipo. Mara ya tatu tukapanda mlima. Ugonjwa ulifuata mpira. Koili ilikuwa nzima. Tena ilikuwa na maandishi yaleyale na kutu ileile kama wenzake watatu, jambo ambalo yeyote angeliona tangu mwanzo kama angezitazama zote nne pamoja. Kwenye kauri nyeupe ya plagi ile palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele, alama ya umeme uliopita pembeni badala ya kupita ndani.

Kilichoulainisha mpira ni oili. Mzee alimulika tundu la silinda ya nne. Chini yake oili ilikuwa imetuama. Ilivuja kutoka kwenye sili za kifuniko cha tapeti, raba ndogo zinazozunguka matundu ya plagi, ambazo baada ya miaka mingi ya joto huwa ngumu kama plastiki na kuacha kuziba. Ni kasoro ya kawaida kwa injini hizi zikizeeka. Haihitaji mwizi.

Lakini mzee hakumwachilia kijana kirahisi hivyo. Alichukua kipimo cha bapa akapima pengo la plagi zile mpya: milimita 1.1. Hicho ni kipimo cha injini za Subaru zisizo na tabo. Yenye tabo hutaka 0.7 hadi 0.8. Pengo pana hudai umeme zaidi, na umeme ulipodaiwa zaidi ndipo ulipouona ufa wa mpira kuwa njia nyepesi. Ugonjwa wa zamani wa masika ulikuwa mdogo. Plagi hizo ndizo zilizoukuza. "Ulipima?" akamwuliza. Kijana akasema muuza spea alimhakikishia. Mzee akamrudishia kipimo mkononi, akamwambia, "Plagi haiulizwi dukani. Hupimwa." Kijana akajibu, "Ndiyo, mzee. Sikupima." Alisema hivyo mbele ya watu wote, pamoja na yule aliyemwita mwizi.

Kisha kijana akaenda kwenye turubai lake akarudi na daftari. Huandika kila gari. Katika ukurasa wa siku aliyobadilisha plagi, na tena katika ukurasa wa miaka miwili nyuma, marehemu akiwa hai, alikuwa ameandika kwamba kuna oili kwenye tundu la plagi namba nne, kwamba sili zinahitaji kubadilishwa, na kwamba mwenye gari amearifiwa akasema baadaye. Mjane alisoma ukurasa ule wa zamani akiwa amesimama. Akaanza kucheka, kisha akafuta macho. "Baadaye," akasema. "Hata paa la jiko alisema baadaye." Kwa dakika kadhaa hakuna aliyezungumza habari za magari.

Sili, mipira minne na plagi za pengo sahihi, pamoja na ufundi, havikufika shilingi laki mbili. Gari sasa linapanda Ngaramtoni bila kusita. Mnunuzi wa kwanza amerudi na milioni zake kumi na mbili, ila mjane amemwambia asubiri: katika daftari lilelile imeandikwa kwamba mkanda wa taimingi unakaribia umri wake, na katika injini hii mkanda ukikatika, valvu na pistoni hugongana. Hataki kumuuzia mtu jambo analolijua yeye na asilolijua mwenzake. Wapo jamaa waliomwona mjinga kwa hilo. Binti yake amepata nafasi ya kulipa ada kwa awamu, kwa hiyo wiki mbili haziwaumizi.

Wateja wawili kati ya watatu wamerudi chini ya mwembe. Wa tatu bado. Kuhusu mdogo wa marehemu, sisi hatukusikia akiomba radhi, na tulipomgusia alibadilisha mazungumzo. Lakini Alhamisi iliyopita alilipeleka yeye mwenyewe gari la kaka yake kwa kijana yule kwa ajili ya mkanda, akamkabidhi ufunguo, akaketi kwenye benchi kungoja. Alitajiwa bei, akalipa bila kuomba apunguziwe.